Tangazo lisilopiga hodi: je, kivinjari kizuie madirisha ibukizi bila kusubiri kuambiwa? Funzo kutoka Fairfield, Sydney

Kioo chote kinageuka chekundu. King'ora kinalia. Katikati linatokea dirisha lenye nembo inayofanana na ya Microsoft: kompyuta yako imeingia virusi, usiizime, piga simu namba hii sasa hivi. Anayelijua dirisha hili hulifunga akaendelea na shughuli zake. Asiyelijua, khasa mtu mzima anayesoma Kiingereza kwa taabu, hunyanyua simu. Na hapo ndipo akiba ya miaka inapotoka kwa nusu saa.

Madirisha ya namna hii, yanayochomoza yenyewe juu ya ukurasa bila mtu kuyaita, yanaitwa madirisha ibukizi. Suala lililo mbele yetu ni jepesi kulisema lakini zito kulijibu: je, vivinjari vyetu, yaani Chrome, Safari, Firefox, Edge na jamaa zao, viyazuie tangu siku ya kwanza bila kutuuliza? Au kila mtu aachiwe achague mwenyewe, na asiyejua kuchagua shauri yake?

Ukilitazama ukiwa Muscat au Dubai, na kijana wa nyumbani amekaa pembeni anajua kila kitufe, utasema hili jambo dogo. Basi tulitazame kutoka mahali ambapo uzito wake unaonekana wazi zaidi.

Kwa nini Fairfield

Fairfield iko magharibi mwa Sydney, kama kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Eneo zima la halmashauri ya Fairfield, likiwamo na Cabramatta, Canley Vale, Bonnyrigg na Wetherill Park, lina watu zaidi ya laki mbili, na zaidi ya nusu yao hawakuzaliwa Australia. Cabramatta inajulikana kwa Wavietnamu. Fairfield yenyewe imejaa watu wa Iraq na Syria, na pale Ware Street utasikia Kiarabu na Kiashuru kabla hujasikia Kiingereza. Wapo wanaoiita Baghdad ndogo. Serikali ya Australia ilipotangaza mwaka 2015 kupokea wakimbizi 12,000 zaidi waliokimbia vita vya Syria na Iraq, sehemu kubwa yao waliishia hapa.

Sasa mtu kama huyu, aliyefika na umri wa miaka hamsini au sitini, anaishi vipi na kompyuta? Hana budi. Msaada wa serikali, miadi ya hospitali, barua za skuli, maombi ya viza ya ndugu aliyebaki Jordan au Lebanon, vyote vinapita kwenye mtandao. Mwaka 2021, wakati wa Covid, Fairfield ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyofungwa vikali kuliko sehemu nyingine za Sydney. Watu walizuiwa kutoka eneo lao kwenda kazini isipokuwa kwa kazi maalumu, na shughuli nyingi zikahamia kwenye simu na laptopu. Hata yule aliyekuwa akikwepa teknolojia alijikuta hana pa kukimbilia.

Katika nyumba nyingi za wahamiaji, fundi wa kompyuta ni mtoto wa skuli. Yeye ndiye anayemtafsiria mama barua, ndiye anayejaza fomu, ndiye anayejua neno la siri. Akenda darasani, mzee anabaki peke yake na kioo. Na matangazo ya utapeli hayangoji mtoto arudi.

Kuna na wale wasio na kompyuta nyumbani, wanaotumia za maktaba ya umma. Kwenye kompyuta ya maktaba, mtumiaji kwa kawaida habadilishi mipangilio hata akitaka. Anaikuta ilivyo, anaiacha ilivyo. Kwa hiyo kile kinachoitwa chaguomsingi, yaani mpangilio unaokuja na programu kabla mtu hajaugusa, kwake yeye ndiyo sheria.

Hapo ndipo pana kiini cha mas-ala haya. Mjuzi atabadilisha mipangilio apendavyo. Chaguomsingi kimewekwa kwa ajili ya asiyejua. Kwa hiyo tukijadili chaguomsingi kiwe kipi, tumfikirie yeye kwanza.

Lilikotoka dirisha hili

Mwanzoni halikuwa na nia mbaya. Katika miaka ya tisini, kampuni ya Netscape iliweka ndani ya kivinjari chake lugha ya JavaScript, na lugha hiyo ikaupa ukurasa uwezo wa kufungua dirisha jipya. Ilikuwa kwa ajili ya mambo ya manufaa: kuonyesha picha kubwa, kufungua kikokotoo, kutoa maelezo ya ziada.

Kisha biashara ikaingia. Ethan Zuckerman, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Tripod huko Massachusetts, ndiye aliyeandika msimbo wa tangazo la dirisha ibukizi. Mwaka 2014 aliandika katika jarida la The Atlantic akieleza ilivyokuwa na akaomba radhi. Kampuni ya magari iliona tangazo lake limekaa ndani ya ukurasa wenye mambo ya aibu, ikakasirika. Tripod ikatafuta njia ya kumridhisha mteja: tangazo litoke katika dirisha lake lenyewe, ili lisionekane kuwa ni sehemu ya ukurasa ule. Jambo lililoanza kwa kulinda heshima ya mtangazaji likaja kuwavunjia heshima wasomaji wa dunia nzima.

Waliotumia mtandao mwaka 2001 na 2002 wanakumbuka. Unafungua ukurasa mmoja, unapata mitano. Unafunga mmoja, inafunguka mitatu. Mengine yalijificha nyuma, huyaoni mpaka umalize kazi na kufunga kila kitu. Tangazo la kamera ndogo za kampuni ya X10 lilimfuata mtu kila aendako.

Kisha kukazuka biashara ya ajabu zaidi, ya kuuza dawa ya ugonjwa unaousambaza mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2003, Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki kampuni moja ya San Diego iitwayo D Squared Solutions. Tuhuma ilikuwa kwamba kampuni hiyo iliwarushia watu madirisha tena na tena kupitia huduma ya ujumbe iliyokuwamo ndani ya Windows. Na tangazo lenyewe lilikuwa linasema nini? Nunua programu yetu ya kuzuia madirisha kama haya! Kesi ikaisha mwaka uliofuata kwa makubaliano.

Mlango ulivyofungwa

Vivinjari vidogo ndivyo vilivyoanza kuwahurumia watu. Opera na Mozilla viliweka uwezo wa kuzuia madirisha mapema, na Safari ya Apple ikafuata mwaka 2003. Lakini uwezo uliokaa ndani ya menyu, unaongoja mtu auwashe, uliwasaidia wale tu waliojua upo.

Mambo yaligeuka mwaka 2004. Mwezi wa Agosti, Microsoft ilitoa nyongeza kubwa ya Windows XP iitwayo Service Pack 2, na ndani yake Internet Explorer, kivinjari kilichokuwa kikitumiwa na watu wengi mno duniani, kikaanza kuzuia madirisha ibukizi bila kuambiwa. Novemba ya mwaka huo huo Firefox 1.0 ikatoka ikiwa na kizuizi kilichokwishawashwa. Mamilioni ya watu ambao hawakuwahi kufungua ukurasa wa mipangilio hata siku moja waliona tu mtandao umetulia. Chrome ilipokuja mwaka 2008, jambo hili lilikuwa limeshakuwa kawaida.

Kizuizi chenyewe kinafanyaje kazi? Wengi wanadhani kivinjari kinasoma tangazo na kuamua kama ni zuri au baya. Hapana. Kinajiuliza suala moja tu: je, mtu amebofya kitu muda huu? Kama umebofya na dirisha likafunguka kwa sababu hiyo, kinaliachia. Kama dirisha limechomoza lenyewe, kinalizuia na kuweka alama ndogo karibu na anwani ya tovuti kukwambia kwamba kuna kitu kimezuiwa, ukitaka kiruhusu.

Ni adabu ile ile tuliyolelewa nayo. Mgeni anapiga hodi, anangoja karibu. Asiyepiga hodi haingii hata awe na zawadi mkononi. Na mwenye nyumba anabaki na haki ya kufungua mlango. Kizuizi cha namna hii hakimnyang'anyi mtu uhuru wake. Ni komeo, na ufunguo uko mkononi mwa mwenyewe.

Hoja za upande wa pili

Wanaosema kivinjari kisijifanye baba wa kila mtu wana hoja zao, na si za kupuuza.

Hoja ya kwanza ni ya madirisha ya halali. Benki nyingi hufungua dirisha dogo la kuthibitisha malipo. Vyuo hufungua dirisha la mtihani. Tovuti za ofisi za serikali hufungua barua au risiti katika dirisha jipya. Kivinjari kikizuia, mtu anabofya "Lipa" na hakuna kinachotokea. Anabofya tena. Anaanza kuwa na wasiwasi: je, wameshanikata pesa mara mbili? Kwa mtu wa Fairfield anayejaza maombi ya kumleta mkewe au mzazi wake, ukurasa usiofunguka si jambo la mzaha. Ile alama ndogo pembeni ya anwani haioni, na hata akiiona, maneno yake ni ya Kiingereza.

Hoja hii ni ya kweli. Lakini tuangalie kosa liko wapi. Mara nyingi dirisha la halali huzuiwa kwa sababu tovuti imechelewa kulifungua. Mtu amebofya, tovuti ikaenda kwanza kuuliza mambo yake kwenye seva, na jibu liliporudi muda wa kibali ulikuwa umepita. Katika Chrome kibali cha mbofyo hudumu kama sekunde 5 hivi. Fundi mzuri analijua hili, hufungua dirisha pale pale mtu anapobofya, au huweka malipo ndani ya ukurasa ule ule bila kufungua dirisha jingine. Tovuti nyingi zimeshafanya hivyo. Zisizofanya zinamtwisha mteja mzigo wa uvivu wao.

Hoja ya pili ni ya riziki. Tovuti za khabari, za mapishi, za mafunzo, nyingi zinaishi kwa matangazo. Tangazo likizuiwa, mwandishi atalipwa na nani? Hapa lazima tutenganishe mambo mawili. Kuzuia dirisha lisilopiga hodi ni jambo moja, kuzuia kila tangazo ni jambo jingine. Tangazo lililokaa mahali pake ndani ya ukurasa halimzuii mtu kusoma. Na historia imeshatoa jibu: tangu 2004 madirisha yalipozuiwa, biashara ya matangazo ya mtandaoni haikufa. Ilikua, ikawa kubwa kuliko ilivyokuwa.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi: nani anayeshika funguo? Google ina Chrome, na Google hiyo hiyo inauza matangazo. Ilipoanza mwaka 2018 kuzuia matangazo kwenye tovuti zinazokiuka vigezo vya muungano uitwao Coalition for Better Ads, wapo waliouliza: je, muuza samaki ndiye anayefaa kuamua samaki wa mwenzake ameoza? Suala hili ni la haki na halina jibu jepesi. Lakini linahusu zaidi uamuzi wa tangazo lipi ni zuri na lipi ni baya. Kanuni ya "asiyebofywa asifunguke" haina upendeleo. Inamhusu mkubwa na mdogo sawasawa, na kila mtu anaweza kuielewa.

Ukiziweka hoja hizi katika mizani utaona tofauti. Hasara ya kuzuia kupita kiasi ni usumbufu: dirisha la benki halikufunguka, unaliruhusu, unaendelea. Hasara ya kutozuia ni mtu kupoteza akiba yake, na akishaituma, mara nyingi hairudi. Kosa linalorekebishika kwa mbofyo mmoja halilingani na kosa lisilorekebishika.

Mwizi kahamia dirisha jingine

Lakini tusijidanganye. Kama kizuizi kimewashwa tangu 2004, mbona wazee bado wanaona kioo chekundu chenye king'ora?

Kwa sababu matapeli nao husoma kanuni. Wamejua kivinjari kinadai mbofyo, basi wanamfanya mtu abofye. Wanaweka alama ya kucheza video ambayo si ya video. Wanaweka X ya kufungia ambayo haifungi kitu. Ukigusa, wewe ndiye uliyetoa kibali. Na kile kioo chekundu mara nyingi si dirisha jipya hata kidogo. Ni ukurasa wa kawaida uliojitanua ukajaza kioo kizima, ukaficha anwani na vitufe vya juu, ili mtu aamini kwamba kompyuta yenyewe ndiyo inayosema.

Njia nyingine ni ya arifa, na hii inazihusu sana nyumba zetu za Ghuba. Mtu anatafuta mechi ya bure au tamthilia ya Kituruki iliyotafsiriwa Kiarabu. Ukurasa unamwambia: bofya "Ruhusu" kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Anabofya. Hajathibitisha chochote. Ameipa tovuti ile ruhusa ya kumtumia ujumbe wakati wowote, hata akiwa ameufunga ukurasa. Kuanzia siku hiyo, pembeni mwa kioo zinachomoza arifa: simu yako ina virusi 13, umeshinda zawadi, picha zako zitafutwa. Yule dirisha ibukizi wa zamani karudi, safari hii kavaa kanzu mpya.

Watengenezaji wa vivinjari wameanza kulijibu hilo. Mozilla ilipochunguza mwaka 2019, iliona kwamba katika kila maombi 100 ya kutuma arifa, karibu 99 hayakukubaliwa. Watu hawayataki. Januari 2020 Firefox ikaacha kuyaonyesha waziwazi, ikayaweka kama alama ndogo pembeni mpaka mtu aitafute, na Chrome ikafuata mwezi uliofuata na njia yake ya kuyanyamazisha. Mwaka 2025 Microsoft ikaleta ndani ya Edge kinga inayojaribu kuutambua ule ukurasa wa vitisho unaojaza kioo, ikautoa katika hali hiyo na kumwonya mtumiaji.

Ni njia ile ile ya 2004: kwanza kinga huwa chaguo lililofichika, kisha huwa kawaida. Tofauti ni kwamba kati ya hatua ya kwanza na ya pili, kuna watu wanaoibiwa.

Pesa zenyewe ni ngapi

Australia inahesabu. Kituo chake cha taifa cha kupambana na utapeli kilianza kazi Julai 2023 chini ya ACCC, tume ya ushindani na ulinzi wa watumiaji. Kwa mujibu wa ripoti zake, utapeli wa aina zote uliwagharimu watu dola za Australia bilioni 2.74 mwaka 2023. Mwaka 2024 hasara ikashuka hadi bilioni 2.03.

Ndani ya hesabu hiyo kuna fungu la utapeli wa kuingia kwenye kompyuta ya mtu kutoka mbali. Mwaka 2023 lilikuwa dola milioni 256 na mwaka 2024 likashuka hadi milioni 106. Si zote zilianzia kwenye dirisha la kompyuta, nyingine zilianza kwa tapeli kupiga simu mwenyewe. Lakini mwisho ni mmoja: mtu anajitambulisha kuwa fundi, anakwambia upakue programu kama AnyDesk au TeamViewer, ambazo zenyewe ni programu za halali, kisha anaona kila unachokiona na kubofya kila unachoweza kubofya. Anakuomba ufungue akaunti ya benki "tuhakikishe haijaguswa". Na hapo kazi imekwisha.

Februari 2025 bunge la Australia lilipitisha sheria ya kuzuia utapeli, inayoweza kuitoza kampuni faini ya hadi dola milioni 50. Sekta za mwanzo zilizokusudiwa ni benki, kampuni za simu, na majukwaa ya mitandao ya jamii, ujumbe na matangazo ya kulipia kwenye utafutaji. Maana yake ni kwamba mzigo hauwi tena wa mwathirika peke yake, na yule ambaye mtapeli alipita kwake naye ataulizwa. Vivinjari havimo katika orodha hiyo ya mwanzo, lakini fikra ni hiyo hiyo: anayemiliki mlango ana jukumu la komeo.

Kwa watu wa Fairfield fikra hiyo ina maana kubwa. Kumwambia mzee wa Mosul "jielimishe, uwe makini" ni nasaha nzuri, lakini haiwezi kuwa ndiyo kinga pekee. Ameshajifunza mji mpya, lugha mpya, treni mpya na sheria mpya. Tumwongezee na kujua tofauti ya ukurasa uliojitanua na onyo la kweli la Windows?

Nyumbani tufanye nini

Wakati wakubwa wanaamua, kuna mambo ya kufanya leo. Kama uko Muscat, Doha, Abu Dhabi, au una jamaa Sydney, yafanye kwenye simu ya mama na kompyuta ya babu mara utakapowatembelea.

1. Hakikisha kizuizi hakijazimwa. Kwenye Chrome nenda Mipangilio, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha Madirisha ibukizi na uelekezaji kwingine. Kwenye iPhone, angalia mipangilio ya Safari sehemu ya kuzuia madirisha ibukizi. Mara nyingine mtu alizima kwa ajili ya tovuti moja akasahau kurudisha. Afadhali kuiruhusu tovuti moja kuliko kufungua mlango kwa wote.

2. Safisha arifa. Hapo hapo kwenye Mipangilio ya tovuti, fungua Arifa, utazame orodha ya zilizoruhusiwa. Utashangaa. Ziondoe zote usizozijua, kisha uchague tovuti zisiombe tena ruhusa.

3. Wafundishe wazee jambo moja tu: onyo la kweli la Microsoft halina namba ya simu. Kampuni yenyewe imesema hivyo. Ukiona onyo lenye namba ya kupiga, ni uongo, hata liwe na nembo gani. Kanuni moja inayokumbukwa ni bora kuliko kumi zinazosahaulika.

4. Likitokea lile dirisha la king'ora, usibofye chochote ndani yake. Kwenye kompyuta, kandamiza kitufe cha Esc kwa muda. Likigoma, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, ufunge kivinjari kutoka hapo. Na hilo likishindikana, zima kompyuta. Haitaharibika. Ukifungua tena, kataa kivinjari kisirudishe kurasa za mwanzo.

5. Kama mtu ameshapiga simu na kumruhusu "fundi" aingie, kata intaneti mara moja. Piga simu benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi, si namba iliyo kwenye kioo. Badilisha maneno ya siri kwa kutumia kifaa kingine. Kwa walio Australia wasiojua Kiingereza, serikali ina huduma ya wakalimani kwa simu, namba 131 450, na Kiarabu na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zake. Taarifa ya utapeli hupelekwa Scamwatch.

6. La mwisho, na pengine ndilo kubwa: tusiwacheke wala kuwafokea. Mzee akiogopa kuchekwa na wajukuu, ataficha. Na kila saa anayoficha ni saa ya mtapeli kuhamisha pesa. Mwambieni mapema, kabla halijatokea: bibi, ukiona kitu kimekutisha kwenye simu, nipigie hata niwe kazini, hata usiku.

Basi kizuiwe?

Ndiyo, kizuiwe. Na kisiishie kwenye dirisha la mwaka 2004. Kanuni ile ya hodi ifuate kila mlango mpya: arifa zisiombe ruhusa ovyo, ukurasa usijitanue kioo kizima kumtisha mtu, na kinga ziwe zimewashwa tokea dukani. Anayetaka kuzima, azime, ni haki yake na anajua njia. Na kivinjari kikizuia kitu, kimwambie mtu kwa lugha anayoisoma, kwa maandishi anayoyaona, ili mama anayelipa ada ya skuli asidhani benki imemkatalia.

Wapo watakaosema kwamba hivi ni kuwalea watu kama watoto. Lakini hakuna anayeita komeo la mlango dharau kwa mwenye nyumba. Nyumba yenye komeo ndiyo anayolala mtu kwa amani, na asubuhi anaamka kumfungulia amtakaye.